Diploma ya uhasibu Australia: cheti, viza na kazi, kila kimoja kina mwenyewe

Maswali kuhusu hizi diploma za uhasibu za Australia huwa yanakuja yote kwa mpigo: nikisoma nitapata kazi? nikipata kazi nitabaki huko? nikibaki nitakuwa CPA, yaani mhasibu kamili? Na mawakala wa vyuo nao wanayajibu kwa mpigo vilevile, ndio, ndio, ndio, lete pasipoti. Shida inaanzia hapo, maana hayo maswali yana ofisi tofauti na kila ofisi haina habari na mwenzie. Cheti unapewa na chuo, na chuo kinasimamiwa na ASQA, msimamizi wa elimu ya ufundi. Viza ni mambo ya Department of Home Affairs. Ruhusa ya kushika kodi za watu kwa malipo iko kwa Tax Practitioners Board, alafu heshima ya mhasibu kamili iko kwa vyama vyao kama CPA Australia na CA ANZ. Unaweza ukawa safi kabisa kwa mmoja, na kwa mwingine hawakujui hata jina.

Tuanze na cheti chenyewe. Australia wamepanga elimu yao kwenye ngazi kumi, wanaziita AQF, na digrii ya kwanza iko ngazi ya 7. Chini yake kuna Certificate IV ngazi ya 4, Diploma ngazi ya 5, Advanced Diploma ngazi ya 6, na hizi za chini ndo elimu ya ufundi, yaani uhasibu wa ngazi hiyo unafundishwa kwenye mfumo uleule wa mafundi umeme na wapishi. Cheti cha kuanzia kinaitwa Certificate IV in Accounting and Bookkeeping, juu yake inakuja Diploma of Accounting. Diploma inasimama juu ya masomo ya Cert IV, kwa hiyo wakala akikuuzia diploma tupu muulize hayo masomo ya chini utayasoma wapi, na muda wake na ada yake viko kwenye hesabu au vinakuja kukushtua baadaye. Kozi zenyewe hazitungwi na chuo. Ni za nchi nzima, namba zake (code) zinaanza na FNS, so TAFE, yaani chuo cha ufundi cha serikali, na chuo binafsi kilichopanga ghorofa moja katikati ya Melbourne kwa jina wanafundisha kitu kilekile. Ada ndo haifanani, wala mafundisho.

Na unasoma nini? Cert IV ni vitabu vya biashara, yaani ankara zinazoingia na zinazotoka, usuluhisho wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa ya benki), mishahara, kufunga mwezi, na karibu yote unayafanya ndani ya programu za uhasibu, Xero au MYOB. Diploma inapanda kidogo, kuna bajeti, gharama, taarifa za fedha, kodi ya mapato, udhibiti wa ndani. Kama ulisoma book-keeping sekondari Tanzania au umepitia KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu kule Nairobi, debiti na krediti haitakusumbua hata kidogo, na kiukweli wiki za kwanza utaona kama wanakuchelewesha. Kinachowaangusha watu wetu ni kodi. GST yao, kodi ya mauzo kama VAT kwetu, ni asilimia 10, ipo tangu 1 Julai 2000, na bei unazoziona dukani tayari ipo ndani, kwa hiyo ukitaka kuitoa unagawanya kwa 11 basi. Sisi tumezoea VAT ya 18 Tanzania, 16 Kenya, kichwa kinakimbilia 18 kwa 118 chenyewe. Hilo linazoeleka haraka. Lisilozoeleka haraka ni kujua kipi kina GST na kipi hakina, maana kule mkate wa kawaida hauna ila keki inayo, na biashara inayouza vyote viwili ndo mfano wanaoupenda sana kwenye mitihani yao.

Chukua bekari ndogo imeuza dola 55,000 kwa robo mwaka, ndani yake 11,000 ni mikate isiyo na GST. Fomu inayoenda kodini inaitwa BAS. Kwenye kisanduku cha G1 unaweka mauzo yote, 55,000. Mwanafunzi mwenye haraka anachukua hiyo 55,000 anagawanya kwa 11 anapata 5,000 anaijaza kwenye 1A, kisanduku cha GST ya mauzo, na hapo ameshamtoza mteja wake elfu moja ya bure, kwa sababu yenye GST ni 44,000 tu kwa hiyo 1A ni 4,000. Manunuzi yenye GST tuseme ni 16,500, 1B, kisanduku cha GST ya manunuzi, inakuwa 1,500, na biashara inadaiwa tofauti, 2,500. Juu yake unaongeza kodi ya wafanyakazi iliyokatwa kwenye mishahara, W1 mishahara yenyewe, W2 kilichokatwa, kama ni 1,800 basi jumla inayoenda serikalini ni 4,300. Ile akiba ya uzeeni ya mfanyakazi wanayoiita super, ambayo tangu 1 Julai 2025 ni asilimia 12, haimo kwenye fomu hii kabisa, mwajiri anaipeleka kwenye mfuko wa mfanyakazi pembeni. Ukiweza kuelezea hizi namba zote bila kusoma, zaidi ya nusu ya Cert IV unayo.

Sasa hapa kuna jambo ambalo naona watu hawalipi uzito. Kwetu mtihani uko katikati ya kila kitu. KASNEB ipo tangu 1969, NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, ilizaliwa na sheria ya 1972, na zote mbili zinatunga mtihani mmoja kwa wote, ukasome chuo cha bei mbaya au ujifungie chumbani na past papers karatasi ni ileile na anayesahihisha hakujui. Ndo maana mtu wetu akichagua sehemu ya kusomea anaangalia ada na umbali, basi, maana mwamuzi yuko kwingine. Kwenye elimu ya ufundi ya Australia hakuna huo mtihani wa taifa. Aliyekufundisha ndo anakupima, na matokeo hayana A wala B, ni umeweza au bado hujaweza. Unapewa biashara ya kubuni, unaingiza miamala kwenye programu, unaandaa ripoti, unajibu maswali, wakati mwingine unaigiza mazungumzo na mteja, na ukikosea unarudishiwa ukarekebishe. Kwa mtu anayeogopa mtihani ni raha tupu. Lakini maana yake uzito wote wa cheti chako umekaa kwenye uaminifu wa chuo kimoja, kikilegea nacho cheti kinalegea.

Na hii sio nadharia. Tangu mwishoni mwa 2024 ASQA imefuta vyeti maelfu kwa maelfu vilivyotolewa na vyuo walivyovifungia, kwenye fani mbalimbali, watu waliolipa wakamaliza na wengine wakiwa tayari kazini wakaandikiwa barua kwamba cheti kimebatilishwa au waeleze walisomaje. Kwa hiyo kabla ya kutuma senti ingia training.gov.au uone chuo kina ruhusa ya kufundisha kozi hiyohiyo unayoitaka, alafu ukitafute kwenye CRICOS, rejista ya vyuo na kozi zinazoruhusiwa kupokea wageni. Angalia kozi, usiishie kwenye jina la chuo, maana chuo kinaweza kuwa CRICOS kwa upishi na kwa uhasibu hakimo. Chuo kinachokuambia hutakiwi kuonekana darasani, njoo tu mara moja moja kusaini, kikimbie hata kama ada ni ya kutupwa, maana masharti ya viza yanamtaka mwanafunzi asome kweli na anayebaki na tatizo ni wewe sio mwenye chuo.

Kuhusu hela ya ada, sheria yao ya wanafunzi wa kigeni, ESOS ya mwaka 2000, inakulinda kuliko wengi wanavyojua. Kozi ikiwa ndefu zaidi ya wiki 25 chuo hakiruhusiwi kukulazimisha ulipe zaidi ya nusu ya ada kabla hujaanza, ukitaka mwenyewe kulipa zaidi ni hiari yako. Na chuo kikifunga milango katikati kuna mfuko unaitwa Tuition Protection Service, unakutafutia chuo kingine au unarudishiwa sehemu ya ada ambayo hujaisomea. Lakini hela uliyompa wakala mkononi Kariakoo au River Road kwa jina la "processing", hiyo huo mfuko hauijui.

Viza sasa. Ni hii wanayoiita 500. Ada ya maombi tu ni dola 2,000 za Australia tangu 1 Julai 2025, na ukinyimwa hairudi. Kiingereza IELTS 6.0 kwa kawaida, bima ya afya ya wanafunzi kwa muda wote wa kozi, ushahidi wa hela: nauli, ada ya mwaka wa kwanza, na dola 29,710 za kuishi kwa mtu mmoja kwa miezi kumi na mbili. Watu wengi wanahangaika na hizo hela wanasahau sehemu inayoua maombi zaidi, nayo ni maelezo. Tangu 23 Machi 2024 kuna kipimo cha mwanafunzi wa kweli, unajibu maswali mafupi kwenye fomu, maneno 150 kila swali, kwanini kozi hii, kwanini Australia, maisha yako ya nyumbani yakoje, itakufaa nini. Na maombi ya vyuo vya ufundi yamekuwa yakikataliwa zaidi kuliko ya vyuo vikuu, hilo lijue mapema. Fikiria ofisa anasoma faili la dada mwenye B.Com ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na miaka minne benki, anaomba Cert IV ya kutunza vitabu. Anashuka ngazi tatu, kwanini? Kama jibu ni "nataka kupanua upeo wangu" kwisha habari yake. Kama anasema anafungua kampuni ya kuhudumia biashara ndogo na anahitaji mikono ya kazi ya Xero na mishahara ambayo digrii yake haikumpa, na kuna kitu kinachoonyesha hiyo mipango ipo, angalau ofisa ana la kupima. Mimi kwa maoni yangu mtu wa hivyo aombe masters au asiombe kabisa, ila kila mtu na mfuko wake.

Kuna imani kwamba ukishatua utafanya kazi ujilipie kila kitu. Tupige hesabu, si ndo tunachosomea. Kozi ikiwa inaendelea unaruhusiwa saa 48 kwa wiki mbili, tangu 1 Julai 2023, na wakati wa likizo hakuna kikomo. Kima cha chini cha mshahara kwa mwaka wa fedha 2025/26 ni dola 24.95 kwa saa. Saa 48 mara 24.95 ni 1,197.60 kwa wiki mbili, mara 26 ni kama 31,137 kwa mwaka kabla ya kodi. Ukiwa kibarua wa saa wanakuongezea asilimia 25 kwa sababu huna likizo ya malipo, kwa hiyo inapanda kidogo, lakini nani amekuhakikishia saa zote 48 kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya mwisho? Na serikali yenyewe imeshakuambia kuishi tu ni 29,710. Maana yake kazi ikienda vizuri sana inalipa chumba, chakula na nauli. Ada inabidi itoke sehemu nyingine, na usipokuwa na hiyo sehemu nyingine utajikuta unapiga saa za ziada za kulipwa mkononi, ambazo zinavunja sharti la viza na ambazo bosi anazijua vizuri ndo maana anakulipa chini ya kima. Faida moja ya kusoma mishahara darasani ni kwamba payslip yako mwenyewe unaisoma kwa jicho lingine. Super inakuhusu na wewe mwanafunzi, ukiondoka nchini kwa jumla na viza ikaisha unaiomba irudishwe, wanakata asilimia 35 ya kodi hapo lakini inayobaki ni yako, na wageni wengi wanaondoka bila kuidai kabisa.

Mtego mwingine, na huu unawakuta zaidi walioanzia juu. Mtu anaenda na viza ya digrii, anafika anaona ada ya chuo kikuu imemzidi, rafiki anamwambia hamia diploma ya uhasibu huku kwetu ni nafuu. Sharti la viza namba 8202 linakutaka ubaki kwenye ngazi ileile ya AQF au juu yake. Kutoka digrii, 7, kwenda diploma, 5, ni kushuka, na kushuka kunahitaji viza mpya kabla hujahama. Chuo kipya kitakupokea vizuri tu na risiti kitakupa, kumbuka nilichosema juu, chuo hakina habari na viza yako. Pia kuna ile ya kuhama chuo kabla ya kumaliza miezi sita ya kozi kuu, hapo unahitaji chuo cha kwanza kikuachie.

Haya, umemaliza, cheti unacho. Kuajiriwa kama karani wa hesabu, mtu wa mishahara, mtu wa ankara, huhitaji leseni ya mtu yeyote, mwajiri akikupenda unaingia, tatizo linabaki kwenye saa za viza. Kujitegemea ndo kunabadilisha mambo. Ukitaka kuandaa BAS za wateja na kuwatoza hela, sheria yao ya 2009 inataka usajiliwe na Tax Practitioners Board kama BAS agent, na hapo Cert IV yako ndo sifa ya elimu wanayoitafuta, ikiwa na yale masomo ya BAS na mishahara ndani. Juu ya cheti wanataka uzoefu wa saa 1,400 ndani ya miaka minne iliyopita, au 1,000 kama ni mwanachama wa chama wanachokitambua. Na uzoefu ni wa kazi yenyewe ya BAS chini ya mtu aliyesajiliwa, kuosha vyombo kwenye mgahawa hata kama jioni unampigia bosi hesabu za mauzo haihesabiki. Nani atakupa hizo saa? Swali zuri, na ndo mlango mgumu kuliko kozi nzima. Wanaofanikiwa naona ni wale wanaoanza kutafuta ofisi ndogo za mahesabu mapema, wakiwa bado darasani, badala ya kusubiri cheti kitoke. Ofisi za watu wawili watatu vitongojini zinazidiwa sana kila mwisho wa robo mwaka na zaidi baada ya 30 Juni mwaka wa fedha unapofungwa.

Kubaki baada ya masomo je? Hapa ndo mawakala wanachanganya makusudi. Kuna viza ya muda ya wahitimu, 485, na upande wa wahitimu wa vyuo vya ufundi upo, hadi miezi 18, umri usizidi 35. Lakini inataka cheti chako kihusiane na kazi iliyomo kwenye orodha yao ya ujuzi, na upimwe na chama husika. Mhasibu yumo kwenye orodha, ndio. Anayempima ni CPA Australia, CA ANZ au chama kingine cha wahasibu, IPA, na wao kwa mhasibu wanataka digrii inayolingana na digrii ya Australia yenye masomo ya msingi waliyoyapanga. Diploma haifiki. Mtunza vitabu, kazi ambayo diploma inakufundisha kwelikweli, kwenye orodha hiyo hayumo. Kwa hiyo sentensi ya "soma diploma ya accounting, accountant anahitajika Australia" kila nusu yake ni kweli, ila ukiziunganisha unapata uongo.

Njia inayoeleweka kwa mwenye lengo la kuwa mhasibu kamili ni kutumia diploma kama daraja la kuingilia digrii. Vyuo vikuu vingi vinapunguza masomo kwa mwenye diploma, wengine wanakata karibu mwaka mzima, na unaweza kuomba viza moja inayobeba diploma na digrii kwa pamoja, ambayo mbele ya ofisa inaeleweka zaidi kwa kijana wa form six kuliko diploma iliyokaa peke yake. Hakikisha makubaliano ya kupunguziwa masomo yameandikwa kwenye barua ya chuo kikuu chenyewe, sio kwenye brosha ya chuo cha diploma.

Na anayerudi nyumbani? NBAA na KASNEB wana ngazi zao na mitihani yao, utakaa kama wengine, na ukiandika CPA kwenye CV hakikisha umepita kwao, maana CPA ya Australia, ya Kenya na ya Tanzania ni vyama tofauti. GST haitakusaidia TRA wala KRA. Kitakachokusaidia ni usuluhisho wa benki usioacha hata senti, mishahara, kufunga mwezi kwa tarehe, Xero, na mazoea ya kuandika ushahidi wa kila muamala. Kuna na hili: kazi za vitabu za Australia zinafanywa Ufilipino miaka mingi sasa, mtu yuko Manila anasuluhisha benki ya fundi bomba wa Brisbane chini ya wakala wa BAS (BAS agent) aliyesajiliwa kule. Mtu wa Mwanza au Mombasa mwenye Cert IV na intaneti isiyokatika anaweza kuiomba kazi hiyohiyo, tofauti ya saa na Brisbane ni saba tu na haina saa 48 za viza. BAS yenyewe lazima ipite kwa huyo wakala mwenye namba, wewe usiisaini.